Maboksi ya spika za inchi 12 yanakoroma na kupasua sauti: tutafute chanzo kabla ya kujaza pamba

Msonga Mbao (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nina maboksi mawili ya spika niliyoyatengeneza mwenyewe hapa Tanga, yana matatizo ya sauti ninayotaka kuyamaliza kabla ya kupaka rangi. Naweka vipimo vyote ili mtu asijibu kwa kubahatisha.

Mbao ni MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18. Kwa ndani kila boksi lina kimo cha sentimita 76.4, upana 41.4 na kina 36.4. Hiyo ni kama lita 115, ukitoa nafasi ya spika na bomba zinabaki 110 hivi. Spika ni inchi 12 ya omu 8, nyuma imeandikwa wati 800, namba ambayo siiamini. Juu yake kuna twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya honi iliyopitishiwa kapasita moja ya maikrofaradi 10. Bomba la hewa ni la PVC la inchi 4, urefu sentimita 10, lipo mbele upande wa chini. Ampli ni ile bodi ndogo yenye chipu ya TPA3116, inakula adapta ya volti 12 ampea 5. Muziki natoa kwenye simu kwa waya. Ndani ya maboksi hakuna sponji wala pamba.

Muziki ukiwa chini yote mawili yanapendeza. Nikifika nusu ya volyumu ngoma zinaanza kupasua. Boksi la kushoto peke yake linakoroma kwenye baadhi ya noti za besi, na mkoromo huo upo hata kwa sauti ya kadiri. Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba sauti ya mwanaume, awe mwimbaji au mtangazaji, inatoka kama mtu anaongea ndani ya pipa. Taarabu za zamani ndiyo zinaharibika kabisa, fidla na mwimbaji wote wanamezwa na mvumo.

Fundi mmoja amesema nijaze pamba mpaka juu. Mwingine amesema spika ni feki, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela nataka kujua kelele inatoka wapi.

Jiko la Mkaa

Jaza pamba mkuu, usijisumbue. Mimi langu nimelijaza vipande vya godoro, kimya.

FundiKoili

Msonga, usijaze kitu chochote kwanza. Ukijaza leo utapunguza tatizo moja na kuyaficha mawili, kisha utakaa na spika usiyoielewa. Kelele ya boksi hutoka sehemu nne: kwenye umeme (simu, ampli, adapta), kwenye spika yenyewe, kwenye mbao, na kwenye hewa iliyomo ndani. Kwa maelezo yako unayo matatizo zaidi ya moja kwa pamoja, ndiyo maana kila fundi amekupa jibu lake na kila mmoja ana kaukweli.

Anza na umeme maana ndio mwepesi kupima. Bodi ya namna hiyo ikilishwa volti 12, kilele cha wimbi lake hakiwezi kuvuka volti 12. Zidisha 12 kwa 12 upate 144, gawa kwa 2, gawa tena kwa omu 8. Unabaki na wati 9, na hapo tumeichukulia adapta haijashuka hata kidogo. Ukiipandisha zaidi ya hapo ampli inakata vichwa vya mawimbi. Wimbi lililokatwa kichwa linazaa makali ambayo hayakuwemo kwenye wimbo, na yale makali yanakimbilia kwenye twita. Kupasua kwa ngoma unakokusikia, nina hakika kubwa kunaanzia hapo.

Chukua mita, iweke kwenye DC, gusa pale adapta inapoingilia kwenye bodi, kisha piga wimbo wenye ngoma nzito. Angalia volti zinafanya nini ngoma inapogonga. Halafu ingia kwenye simu uzime ekolaiza. Ukiongeza besi kwa desibeli 6 tu, kwenye zile noti unaidai ampli nguvu mara nne. Ampli ya wati 9 haina pa kuzitoa.

Chipu hiyo inapokea mpaka volti 26. Tafuta adapta ya volti 24 yenye ampea 5 au 6, hesabu ileile itakupa wati 36. Ila kabla hujachomeka, soma volti zilizoandikwa kwenye zile kapasita kubwa za bodi. Zikiwa za volti 35 endelea. Zikiwa za 25 zibadilishe kwanza, 24 ni karibu mno na kikomo chake.

Dogo Sabufa

Kaka FundiKoili, kwa hiyo hata mtu anayetumia betri ya gari ni hivyo hivyo?

FundiKoili

Hivyo hivyo mdogo wangu. Gari likiwa linaunguruma betri iko kwenye 14.4. Piga hesabu: omu 8 unapata wati 13 hivi, omu 4 unapata 26. Ndiyo maana spika nyingi za gari zimetengenezwa omu 4, na ampli kubwa za gari huwa na saketi ndani inayopandisha volti kwanza kabla ya kukuza sauti. Ukiona redio ya gari isiyo na saketi hiyo imeandikwa wati mia kwa kila spika, hiyo ni karatasi tu.

Msonga Mbao

Nimepima. Bila muziki adapta inasoma 12.1. Ngoma ikigonga inashuka mpaka 10 na kitu. Ekolaiza ya simu kweli ilikuwa imepandishwa upande wa besi, nimeizima. Kapasita za bodi ni za volti 35, kwa hiyo nimeazima adapta ya volti 24.

Tofauti ni kubwa sana. Ngoma sasa zinagonga bila kupasuka hata nikipita pale nilipokuwa naishia. Mkoromo wa kushoto bado upo, na ile sauti ya pipa sasa inasikika vizuri zaidi. Twita nazo bado zina ukali, hasa kwenye matoazi na herufi za "s".

FundiKoili

Safi. Tumemtoa mmoja mlangoni.

Kwa twita, maikrofaradi 10 kwenye omu 8 inaanza kuruhusu sauti kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hivi, na kapasita moja peke yake inakata taratibu, kwa hiyo hata za 1,000 bado zinapenya kwa nguvu. Twita ndogo ya honi haikuumbwa kubeba hizo, zinaisukuma kiwambo chake kupita kiasi. Weka 4.7, hapo inaanzia hezi 4,200 hivi. Nunua ile isiyo na upande chanya na hasi. Ikiwa baada ya hapo twita bado inaizidi sauti wufa, yaani ile spika kubwa ya inchi 12, weka rezista ya omu 3 au 4, ya wati 10, kwenye njia yake.

Sasa spika yenyewe. Itoe kwenye boksi la kushoto, ilaze chali, upande wa sumaku chini, weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka kofia ya katikati na ubonyeze koni polepole, sawasawa pande zote. Isikilize. Ikiwa inakwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku. Ikienda kimya, pima omu kwa mita ikiwa haijaunganishwa: spika ya omu 8 nzima husoma kati ya 5.5 na 7. Chini sana ya hapo koili imeungua na nyaya zake zimeshikana. Angalia na zile nyaya laini zinazotoka kwenye koni kwenda kwenye fremu, zikilegea huipiga koni na kutoa mlio ambao utaapa ni wa mbao.

Halafu chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye chanya kwa sekunde moja. Koni lazima itoke nje. Fanya kwa spika zote mbili. Kama moja inatoka na nyingine inaingia, wameigeuza kiwandani au waya umegeuzwa, na besi zitakuwa zinauana ukikaa katikati ya maboksi.

Ukimaliza, hamisha: ya kushoto iende boksi la kulia na ya kulia ije kushoto. Mkoromo ukihama na spika, spika ni mbovu. Ukibaki kushoto, boksi ndilo linalokoroma.

Bi Randa

Mimi ni seremala, naingilia hapo kwenye kurudisha spika. Msikaze skrubu moja mpaka mwisho halafu mkahamia ya jirani yake. Kaza kwa mkingamo, hii kidogo kisha ya upande wa pili, mpaka zote zikae sawa. Fremu za hizi spika za bati ni laini, ukiivuta upande mmoja inapinda na koili inahama katikati. Nimeletewa maboksi ambayo spika "imeharibika", nikalegeza skrubu zote nikazikaza upya, mkwaruzo ukaisha.

Na chini ya fremu lazima kuwe na kitu laini. Ile sponji nyembamba ya kubandika milango inatosha. MDF kavu na bati kavu havishikani vikaziba hewa.

Msonga Mbao

Koni zote zinakwenda kimya. Moja inasoma 6.1 na nyingine 6.2. Betri inazitoa nje zote mbili. Nimezibadilishana, mkoromo umebaki kushoto. Kwa hiyo ni boksi.

Mkaa Kisauni

Ndugu yangu, salamu kutoka Mombasa. Kwa boksi, mimi hutumia vitu viwili tu, navyo huwa havinidanganyi: kipande cha mpira wa maji na udi.

Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni. Anza hezi 40, panda polepole mpaka 200, sauti iwe ndogo ya kusikika tu. Toni haina mapumziko kama wimbo, ukiipandisha sana utachoma koili ukiwa wasikiliza. Papo hapo panapokoroma, simamisha. Sasa chukua mpira wa maji wa kama mita moja, upande mmoja sikioni, upande mwingine upitishe kwenye kingo zote za boksi, kwenye viungo, kwenye twita, kwenye kibamba cha kuunganishia nyaya kule nyuma. Mkoromo utausikia ukikua na ukipungua kadiri unavyosogea. Ukifika penyewe hutahitaji kuuliza mtu.

Halafu washa kijiti cha udi, teremsha toni mpaka 40 au 50, upitishe moshi kandokando ya viungo vyote. Moshi ukienda juu wima, hapo pameziba. Ukianza kukatikakatika na kuyumba, hewa yatoka hapo. Tundu dogo kama la sindano latosha kufanya boksi zima lipige mluzi au likorome.

Msonga Mbao

Mkaa Kisauni, Mungu akubariki. Mkoromo unakuwa mkali kwenye hezi 92. Mpira wa maji umenipeleka moja kwa moja kwenye kile kibamba cha plastiki cha nyuma, na moshi wa udi ukawa unarushwa pale chini ya kibamba.

Nimekifungua. Skrubu mbili za chini zilikuwa zinazunguka tu, MDF imeshakwisha kwenye matundu yake. Chini ya kibamba hakukuwa na kitu cha kuziba. Na ndani waya wa wufa ni mrefu, ulikuwa umelala unagusa ubao wa mgongo, ukiugonga kwa kidole unatoa mlio uleule.

Nimekata gasketi kutoka kwenye mpira wa tyubu ya baiskeli, matundu nimeyajaza vijiti vya kiberiti na gundi nyeupe ya mbao kisha nikatoboa upya, waya nimeufupisha na kuuvika sponji. Hezi 92 sasa ni safi, hata nikipandisha. Kwenye boksi la kulia nimefanya vivyo hivyo ingawa halikuwa linakoroma.

Imebaki sauti ya pipa. Na kuna upepo kama pumzi kwenye bomba nikipiga nyimbo zenye besi ya chini sana.

Jiko la Mkaa

Hapo sasa ndiyo pamba. Au ongeza MDF nyingine juu ya hii, iwe nene kama mlango wa benki.

Mzee wa Antena

Vijana nawasoma kwa furaha. Niruhusuni niseme kuhusu hiyo sauti ya pipa, kwa sababu hapo watu wengi wanachanganya vitu viwili: mbao inayotetema na hewa inayogonga kuta ikarudi. Dawa ya mmoja haimtibu mwenzake.

Tuanze na hewa. Kwa joto la Tanga la nyuzi 30 sauti inasafiri mita 349 kwa sekunde. Vitabu vingi vimeandika 343, hiyo ni ya nyuzi 20. Kimo chako cha ndani ni mita 0.764. Wimbi linalojinasa kati ya sakafu na dari ya boksi ni lile ambalo nusu yake inaenea hapo, yaani 349 ugawe kwa 1.528, jibu hezi 228. Kwa upana inakuja 421, kwa kina 479. Hezi 228 ndipo sauti ya mwanaume inapokaa.

Mbao nayo: ubao wa mgongo wa sentimita 76 kwa 41 usio na nguzo yoyote, kwa MDF ya milimita 18, nategemea uvume mahali fulani kati ya hezi 130 na 250, kulingana na ulivyoshikwa kingoni. Kwa hiyo wote wawili wamekaa jirani, ndiyo maana sikio linasikia pipa moja.

Kuwatenganisha ni rahisi. Weka toni, panda kutoka 130 mpaka 300, kiganja kikiwa kwenye mgongo wa boksi. Pale unapotetema zaidi andika namba. Kisha mtu aegemee ubao kwa nguvu, au uulalie mfuko wa mchanga. Mvumo ukibadilika, ni mbao. Pale ambapo kuegemea hakubadilishi kitu, toa spika, ingiza mto wa kulalia katikati ya boksi, rudisha spika, jaribu tena. Ukibadilika sasa, ni hewa.

Msonga Mbao

Mzee shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema. Mgongo unatetema vibaya kwenye 178, mdogo wangu akiuegemea mvumo unakufa na boksi linakuwa kama limezibwa mdomo. Halafu kuna mvumo mwingine kati ya 225 na 230, huo kuegemea hakuufanyi kitu, lakini mto umeufuta karibu wote. Hesabu yako ya 228 imenishangaza.

Mzee wa Antena

Marahaba. Sasa dawa.

Kwa hewa: wimbi la 228 lina urefu wa mita 1.53, robo yake ni sentimita 38. Sponji ya sentimita mbili iliyobandikwa ukutani haiwezi kuligusa, kwa sababu ukutani hewa haitembei, inabanwa tu. Inapotembea kwa kasi ni katikati ya kimo. Kwa hiyo pamba haitakiwi kuwa kila mahali, inatakiwa itundikwe katikati, kama rafu laini inayokata boksi kwa mlalo, unene wa sentimita 10 hadi 15. Tumia ile nyuzi nyeupe ya kujazia mito, ya poliesta. Sufi nzuri kwa kulalia, humu inapeperuka, na nyuzi zake zikiingia kwenye nafasi ya koili utarudi kwa FundiKoili. Hata hiyo ya poliesta ivike kipande cha chandarua na uishone. Njia ya kuelekea kwenye bomba iache wazi. Jiko la Mkaa, godoro lako linanyamazisha mvumo kweli, lakini limelizibia bomba pumzi, kwa hiyo umebaki na boksi la bomba lisilofanya kazi ya bomba.

Kwa mbao: kuongeza unene ni njia ya gharama kubwa na faida ndogo. Ubao ukiutoa milimita 18 ukaupeleka 25, mvumo wake unapanda kwa asilimia 40 tu, bado uko kwenye sauti ya mtu. Ila ukiugawa upana wake kwa nguzo imara, mvumo unapanda zaidi ya mara tatu, kwa sababu nafasi isiyoshikwa inahesabiwa kwa mraba wake. Huko juu mvumo unakuwa mdogo na pamba inausaidia kuufuta.

Ipo na njia nyingine kabisa. Wahandisi wa BBC miaka ya 1970, kwenye spika yao ndogo ya LS3/5A, walitumia plaiwudi ya mti wa birchi ya milimita 12 tu, kisha wakabandika vipande vya lami ndani ya kuta. Ubao mwembamba unaacha mvumo ubaki chini, na lami inaunyonya. Njia nzuri, lakini wewe umeshakuwa na MDF nene, kwako nguzo ndiyo sawa.

Jiko la Mkaa

Mzee nimekuelewa. Nalifungua langu leo.

Bi Randa

Msonga, boksi umeshaligundisha, usilivunje. Tundu la inchi 12 lina upana wa sentimita 28 hivi, mkono na mbao vinapita.

Chukua mbao ya mbili kwa mbili iliyokauka vizuri, ikate urefu pungufu kidogo ya kimo cha ndani, uigundishe wima kwenye mgongo. Usiiweke katikati kabisa. Upana wako ni 41.4, iweke ipite kwenye sentimita 18 kutoka upande mmoja, ili nusu mbili zisifanane zikavuma noti moja. Kisha kata nguzo fupi mbili za mbao hiyohiyo, zitoke kwenye mbao ya mgongo mpaka kwenye ubao wa mbele, moja juu ya tundu la wufa na nyingine chini yake, zikwepe sumaku. Nyingine moja ipite ubavu mpaka ubavu.

Siri iko kwenye urefu. Nguzo ikiwa ndefu inausukuma ubao nje na viungo vinafunguka. Ikiwa fupi inalegea, na nguzo iliyolegea ni mkoromo mpya. Ikate fupi kwa milimita tatu, paka gundi kote, halafu ingiza kabari mbili nyembamba zinazokutana, zigonge taratibu mpaka nguzo ishike bila ubao kubinuka. Weka rula mgongoni kwa nje uone kama umebaki bapa. Acha usiku kucha.

Msonga Mbao

Boksi la kulia nimelimaliza: mbao ya mgongo, nguzo zote, na pamba ya mito imevikwa chandarua, imetundikwa katikati. La kushoto sijaligusa, nimeliacha hivyo ili nilinganishe.

Nimewasha redio, msomaji wa habari, nikawa nahamisha sauti kulia na kushoto. Kushoto bado ni pipa. Kulia ni mtu. Mama yangu alikuwa anapita ukumbini, akasimama akauliza mgeni gani amekuja. Ubao wa mgongo ukiushika sasa kwenye 178 haufanyi kitu, unatetema kidogo mahali fulani juu ya 500 lakini kwa sikio siupati.

Twita nimeweka 4.7, ukali umepungua sana, rezista sijaihitaji. Nimebakiwa na hiyo pumzi ya bomba.

FundiKoili

Kabla ya kukata bomba, jua limepangwa wapi. Weka toni hezi 70, shuka polepole huku ukiitazama koni. Itakuwa inacheza, kisha kuna mahali itatulia kana kwamba umeizima, na wakati huohuo upepo wa bomba utakuwa mkali kuliko kote. Hapo ndipo bomba limechukua kazi ya koni. Ukishuka chini ya hapo koni inaanza tena kucheza kwa fujo bila kutoa besi, maana hewa ya boksi haiishiki tena. Huko chini ndiko spika zinakovunjika.

Msonga Mbao

Inatulia kwenye 36 au 37. Nikiipeleka 28 inaruka mpaka naogopa.

FundiKoili

Inaendana na hesabu, kwa lita 110 na bomba lako inakuja 36. Namba si mbaya, tatizo ni tundu. Wufa ya inchi 12 inaisukuma hewa yote ile kwenye bomba moja la inchi 4, kasi inakuwa kubwa mno. Hewa ikikaribia mita 17 kwa sekunde ndipo huanza kusikika kama pumzi. Toboa bomba la pili la saizi ileile. Lakini ukiongeza tundu bila kuongeza urefu, mpangilio utapanda juu mno na besi itavimba. Mabomba mawili ya sentimita 21 kila moja yatakupa 40 hivi, kina chako kinaruhusu na nyuma inabaki nafasi ya kutosha. Midomo ya mabomba, ya ndani na ya nje, ipige msasa iwe ya mviringo, kingo kali huongeza pumzi.

Na kwenye ekolaiza ya simu, kitelezi cha hezi 31 kishushe mpaka chini kabisa. Spika hii haina kazi yoyote ya maana huko, na nguvu inayobaki itarudi kwenye ngoma. Hasa ukipiga amapiano.

Mkaa Kisauni

Nami niongeze la pwani. Tanga na huku kwetu ni unyevu uleule. MDF hunywa maji kwenye kingo zilizokatwa, hasa ndani ya matundu ya spika na mabomba ambako hakuna anayepaka rangi. Changanya gundi nyeupe na maji kidogo, pakaza kingo zote za ndani mara mbili, ikikauka ndipo urudishe spika. Na badala ya skrubu kwenye wufa, tumia bolti zenye nati upande wa ndani. Skrubu ya MDF ukiifungua mara kadhaa, yaisha, kama ilivyokufanyia kwenye kibamba.

Dogo Sabufa

Kaka FundiKoili, mimi boksi langu ni dogo, lita 60, spika inchi 8. Hayo mabomba ya 21 yanafaa kwangu?

FundiKoili

Hapana mdogo wangu, hayo ni ya lita 110. Kwa lita 60 bomba moja lenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 12 linakupa hezi 45, na kwa inchi 8 tundu moja linatosha. Ila lita 60 ni nyingi kwa inchi 8 nyingi. Soma kwenye karatasi ya spika yako namba tatu: Fs (hezi ambayo spika hutetema yenyewe), Qts (jinsi mtetemo huo unavyodhibitiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa spika). Ni vipimo vilivyotokana na kazi ya Thiele wa Australia mwaka 1961 na Small aliyeiendeleza miaka ya 1970, na programu za bure za simu na kompyuta zinazipokea zikakupa ukubwa wa boksi na urefu wa bomba. Kama haina karatasi, ilete hapa picha ya spika mbele na nyuma, pamoja na omu ulizosoma kwa mita, tutaipima kwa rezista ya omu 1,000 na toni za simu.